Folda Nzima

Kazi aliyopewa Mwalimu ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kila mtu mpya alipoajiriwa katika ofisi ile, iliyokuwa ikitengeneza programu za kutunza kumbukumbu za wagonjwa, alikaa siku tatu nzima bila kufanya la maana. Anapakia hiki, kinagoma. Anapakia kile, kinadai kingine. Anazunguka meza za wenzake mmoja mmoja kuulizia, na kila aliyeulizwa anainua mabega na kujibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Jibu hilo lilizoeleka mpaka kijana mmoja asiyejua kunyamaza, waliyemwita Miwani, akaliandika kwa herufi kubwa na kulibandika jikoni mwa ofisi, juu ya birika la umeme.

Bosi akachoka. Alikuwa mama wa maneno machache, na siku alipoyatumia yalikuwa yameshapimwa.

"Nataka amri moja tu," alimwambia Mwalimu. "Mgeni anaandika mstari mmoja, anabonyeza, anaenda zake kunywa chai. Akirudi, kompyuta yake iwe sawasawa na ya kila mtu humu ndani. Jumatatu wanaingia watu sita. Na Jumatatu hiyohiyo muda wako wa majaribio unakwisha, sijui kama unakumbuka."

Angesahau vipi? Alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na minne kabla ya kujifunza kuandika programu, ndiyo maana jina la Mwalimu lilimfuata mpaka huku, na ukimwondoa Bosi hakuna aliyemzidi umri pale. Nyumbani mume wake, mpimaji wa ardhi, alikuwa hana kazi tangu kampuni yao ifungwe miezi minane iliyopita. Binti yao wa pekee alikuwa amepata nafasi kwenye shule nzuri ya bweni, na nafasi yenyewe haikuwa ya kungoja mtu. Nyumba nzima ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe ulikuwa kwenye majaribio.

Kwa hiyo alijituma. Wiki mbili aliandika hatua baada ya hatua, akiijaribu kila moja kama mtu anayepima daraja kabla ya kupitisha gari. Kwenye laptopu yake kila kitu kilikwenda. Kwenye kompyuta tupu waliyoitenga kwa majaribio, kila mara amri ilifika mahali palepale ikasimama. Alijua sababu. Kulikuwa na faili moja dogo la mipangilio, aliloliweka mwenyewe mwanzoni kabisa na kulisahau, limejificha mahali fulani ndani ya folda yake, na bila hilo programu haikuwaka. Lakini folda ile ilikuwa na mafaili maelfu, na kulitafuta moja usilolijua jina ni kazi ya kumkosesha mtu raha.

Ijumaa saa tisa alasiri bado alikuwa hajalipata.

"Mwalimu," Miwani alimwita kutoka meza ya tatu, "kwako inafanya kazi?"

Watu wakacheka. Hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, lakini kilimchoma. Akainama juu ya laptopu, akafanya jambo ambalo darasani angemsimamisha mtoto wa watu kwa ajili yake. Badala ya kulitafuta faili, alibeba folda yake nzima, na vyote vilivyomo, akaifunga ndani ya kifurushi ili amri iimwage kwenye kila kompyuta itakayoseti. Miaka yote alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba jibu sahihi lisiloonyesha njia ni wizi. Sasa alibonyeza, na kompyuta tupu ikawaka bila kinyongo.

Bosi alikuja kuona. Akajaribu mara mbili, mara zote ikakubali.

"Hatua zote hizi umeziandika mwenyewe?"

"Zote," alisema Mwalimu.

"Hongera. Jumatatu jioni nitasaini barua yako."

Watu wakapiga makofi, naye akatabasamu. Alijiambia wiki ijayo atarudi kusafisha, atalitafuta lile faili taratibu, hakuna atakayejua. Kitu ambacho hakikumjia kabisa ni kwamba ndani ya folda yake kulikuwa na kijifolda kingine, "Mambo ya Baba". Jioni mume wake huazima laptopu ile kuandika maombi ya kazi, maana nyumbani hawakuwa na nyingine. Mwalimu hakuwahi kukifungua. Mtu aliyekosa kazi, alijisemea siku moja, mwachie walau mahali pake pa siri.

Jumatatu kila kitu kilikwenda kama harusi iliyopangwa vizuri. Wageni sita waliketi, wakaandika mstari mmoja, wakabonyeza. Wafanyakazi watano wa zamani nao wakaseti upya kompyuta zao ili wote wafanane. Kabla chai haijapoa, kompyuta kumi na moja zilikuwa zimewaka, na Miwani aliibandua ile karatasi ya jikoni na kumkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili, kama cheti. Bosi mwenyewe alicheka.

Haikupita nusu saa. Mwalimu alikuwa jikoni akisuuza kikombe, akaingia mmoja wa wageni, msichana mpole ambaye hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alisimama karibu na mlango, akishikashika kamba ya kitambulisho chake.

"Dada, samahani. Sikujua kama mmefiwa."

"Nani kafiwa?"

"Nimeona barua kwenye kompyuta. Nilidhani ni maelekezo ya kazi, ndiyo maana nikaifungua. Huyo marehemu alikuwa ndugu yako?"

Mwalimu alirudi mezani kwake na kikombe mkononi, maji yakidondoka sakafuni. Akafungua. Barua ilikuwa ya heshima, imepangwa vizuri, kama mume wake alivyokuwa akipanga kila kitu. Ilielekezwa kwa wakfu mmoja unaosomesha watoto. "Mimi ni mgane mwenye mtoto mmoja wa kike," iliandikwa. "Mke wangu mpendwa, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alifariki dunia mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa mcheshi, hodari na mwenye subira, na tangu atutoke sijui jioni inapitaje." Chini kulikuwa na jina kamili la mume wake na sahihi yake.

Aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza damu ilimpanda kichwani. Mara ya pili ilimuuma zaidi, kwa sababu katika miaka kumi na sita ya ndoa mwanamume yule hakuwahi kumwambia usoni kwamba ni mcheshi wala hodari.

Alipoinua macho, chumba kizima kilikuwa kikichapa. Watu kumi na mmoja walikuwa wakigonga vibonye kwa bidii ya ajabu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiandika kitu. Miwani, ambaye hata kwenye moto angepata neno la utani, alikuwa ameinamisha kichwa mpaka pua inakaribia kioo. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hapa maiti alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, na waosha walikuwa kumi na mmoja.

Kitu cha kwanza alichofikiria kilikuwa kufuta, na alifuta. Aliandika mstari mwingine wa kuiondoa folda kwenye kila kompyuta, akautuma, ukafanya kazi. Lakini ghala la pamoja, pale kazi za ofisi zinapohifadhiwa, kifurushi chake kikiwemo, halisahau. Lilikuwa linatunza kila toleo la kila kitu kilichowahi kuingizwa humo, hata ukikitoa, ili mtu akiharibu aweze kurudi nyuma. Barua ile sasa ilikuwa sehemu ya historia ya mradi. Mwenye ruhusa ya kuigusa historia alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na barua ya ajira ya Mwalimu ndani ya droo, haijasainiwa.

Mvuliwa nguo huchutama. Mwalimu alibisha hodi.

"Nahitaji ufute kitu kwenye historia ya ghala," alisema. Hakuketi.

"Kitu gani?"

"Folda yangu."

Bosi alifungua ghala, akasogeza orodha chini, chini tena. Macho yake yakatua mahali yakakaa. Kisha akageuza kioo kidogo kikaelekea ukutani.

"Hii sijaisoma," alisema, na ilikuwa wazi kwamba ameshafika kwenye sahihi. "Uliniambia hatua zote umeziandika."

"Nilisema hivyo."

"Kumbe?"

"Kuna faili sikulipata. Nikanakili folda nzima."

"Nenosiri la seva yenye kumbukumbu za wagonjwa limo humo?"

Mwalimu alikuwa hajafika huko. Aibu ya nyumbani ilikuwa imemziba masikio asisikie aibu ya kazini. Alilitazama zulia.

"Limo."

Bosi alivuta pumzi ndefu. Hakupaza sauti, na Mwalimu alitamani angepaza. "Mchana huu tutabadilisha manenosiri yote, mimi na wewe. Kesho asubuhi kwenye mkutano wa kusimama utawaeleza wenzako ulichofanya. Namaanisha kosa. Barua ile ni yako, sitaki kuisikia. Humu ndani sijawahi kumfukuza mtu kwa kosa alilolisema mwenyewe. Sahihi yangu itangoja mpaka Ijumaa."

Nyumbani alimkuta mume wake jikoni akikata vitunguu, aproni kiunoni. Siku hizi yeye ndiye aliyepika, na alikata vitunguu kwa vipimo, kila kipande sawa na mwenzake.

"Eti baba," alisema Mwalimu, bado ana mkoba begani. "Mimi nilikufa lini?"

Kisu kilisimama. Mume wake hakugeuka.

"Umeisoma."

"Mimi na watu kumi na mmoja. Imesambaa ofisi nzima. Mimi mwenyewe ndiye niliyeisambaza, bila kujua."

Aligeuka basi, na uso wake ukamshuka kama wa mtu aliyepigwa mbele za watoto wake. "Ofisini kwako? Wamelisoma jina langu?"

"Na sahihi."

Akaketi juu ya kindoo, macho yakimtoka machozi, na vitunguu vilimpa kisingizio. "Fomu ilikuwa na visanduku viwili," alisema. "Mtoto aliyefiwa na wazazi wote, au aliyefiwa na mmoja. Nimeigeuza ile fomu juu chini mama, hakuna kisanduku cha baba asiye na kazi."

"Sasa ndiyo unizike mimi? Si ungejizika mwenyewe!"

"Maiti hawezi kusaini fomu. Na wewe usingekubali kuisaini."

"Nisingekubali kabisa."

"Basi ndiyo hivyo."

Sufuria ilikuwa inachemka, hakuna aliyeigusa. Mwalimu alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima, na sasa kila alilolichukua lilimgeukia. Alitaka kumwuliza anawezaje kudanganya watu wazima usoni, akakumbuka Ijumaa, akakumbuka neno lake mwenyewe, "Zote." Swali akalimeza.

"Wamejibu," mume wake alisema kwa sauti ya chini. "Wamekubali. Kimebaki kuja kuiona nyumba. Kesho saa kumi."

"Utawaambia ukweli."

"Shule wanataka jibu Ijumaa. Nitawaambia nini? Kwamba marehemu amefufuka?" Akainuka, akamshika mkono, mkono wake ukinuka vitunguu. "Utakuwa dada yangu. Nusu saa tu. Wanaangalia chumba, wanaangalia mtoto, wanaondoka."

"Sifanyi."

"Mama." Binti yao alikuwa amesimama mlangoni, ana daftari. Haikujulikana alikuwapo tangu lini. "Si ngumu. Baba alinifundisha Jumapili ulipokwenda sokoni. Nimeshazoea kusema shangazi."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilidhani unajua," alisema mtoto.

Asubuhi walisimama duara, kama kila asubuhi, kila mtu aseme alichofanya jana na atakachofanya leo. Zamu ilipofika kwa Mwalimu, alikunja mikono mgongoni. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani, maana hakuwa na nyingine ya kusimamia.

"Amri ya kuseti ilikuwa haifanyi kazi. Kuna faili sikuliona. Badala ya kulitafuta nikanakili folda yangu nzima, na ndani yake mlikuwa na nenosiri la seva ya wagonjwa na mambo ya nyumbani kwangu. Bosi aliponiuliza nikasema hatua zote nimeandika mimi. Ulikuwa uongo. Mambo ya nyumbani mliyoyaona, nawaombeni myasahau. Hilo lingine msilisahau."

Alingoja kicheko. Mgeni mpole alikuwa anatazama viatu vyake. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, kana kwamba ni zamu yake.

"Lile faili," Miwani alisema hatimaye, kwa adabu ambayo hakuna aliyejua kama anayo, "ulilipata?"

"Bado."

"Si tulitafute wote? Folda nzima tuigawane."

Waligawana, isipokuwa mambo ya Baba. Kabla ya saa sita mchana mgeni mpole akapiga kelele ya furaha: faili la mstari mmoja, limelala ndani ya folda ya mambo ya kuchapisha, mahali ambapo mwenye akili timamu asingeliweka. Mwalimu aliiandika hatua ile kwa mkono wake, mbele yao. Kifurushi kikabaki chepesi, hakina cha mtu ndani yake, na kompyuta tupu ikawaka. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mmoja alimletea chai bila kuombwa. Bosi alipita nyuma yao, akatazama, akasema "Sawa," akaendelea na safari yake.

Aliomba ruhusa atoke mapema. Njiani alijiona mwepesi, jambo ambalo hakulitegemea. Kumbe aibu ikishasemwa huwa na mwisho. Akapanga atakavyomwambia huyo mtu wa wakfu: mimi ndiye mke, niko hai, mume wangu alikosea kwa sababu hatuna namna, mtusamehe. Sentensi tatu. Asubuhi alikuwa amesema nyingi kuliko hizo mbele ya watu kumi na mmoja na hakufa.

Alipofungua mlango hakuitambua sebule yake mara moja. Picha ya harusi haikuwepo, na ukutani palibaki mraba safi kuliko rangi nyingine. Viatu vyake havikuwepo mlangoni. Khanga yake iliyokuwa inaninginia nyuma ya mlango wa chumba ilikuwa imeondolewa, mswaki wake umeondolewa, na hata kile kiti chake chenye mto kilikuwa kimesukumwa pembeni na kuwekewa magazeti. Mume wake alikuwa amefanya kazi safi. Alikuwa amempima nyumba nzima na kumtoa.

"Nitamwambia," Mwalimu alisema.

Mume wake alikuwa amevaa shati jeupe, amelifunga mpaka kifungo cha juu. Hakumbishia. "Wewe ndiye unayejua," alisema tu, akaketi.

Saa kumi kamili hodi ikabishwa. Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, ana kabrasha kwapani, na alivua viatu mlangoni ingawa walimwambia asivue. Alikuwa na sura ya mtu mwema, na hilo liliharibu mambo. Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa karani mkavu, mtu wa kumwambia ukweli na kumwacha aende zake. Mama yule alikitazama chumba pole pole, hakupekua, akamwita binti na kumwomba ripoti ya shule. Mtoto alikuwa amevaa sare, amejichana mwenyewe, na njia ya nywele ilikuwa imepinda. Akaitoa ripoti kwa mikono miwili. Mgeni aliisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Hesabu tisini na sita! Hii umeitoa wapi?"

"Kwa mama," alisema mtoto. Kisha akaongeza haraka, "Alipokuwepo."

Mume wake alitazama sakafu. Hakuomba kitu, hata kwa jicho. Mgeni akageuka, akamwona Mwalimu amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Na huyu?"

Sentensi zote tatu zilikuwa mdomoni. Aliufungua. Aliona kidole cha binti yake kikisugua mshono wa sketi, kikienda na kurudi, kikienda na kurudi.

"Huyu ni shangazi," mtoto alisema.

Yule mama aliinuka kabisa kutoka kwenye kiti, akamjia, akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya joto. "Poleni sana dada yangu. Kuondokewa na wifi si jambo dogo."

Asubuhi hii alikuwa msema kweli. Hata saa nane hazijapita tangu pale.

"Ahsante," alisema Mwalimu. "Tumeshapoa."

"Na unaishi nao hapa?"

"Hapana. Nakuja tu kuwasaidia."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaandika neno kwenye karatasi yake, na kuomba maji ya kunywa kama hawatajali. Mwalimu aligeuka kwenda jikoni. Hatua ya pili akasimama, kwa sababu alikumbuka kwamba mtu anayekuja kusaidia hawezi kujua kila kitu. Akamtazama mume wake, ambaye bado alikuwa hajainua kichwa.

"Kaka," alimwita, "vikombe vya wageni mnaweka wapi?"